Barua ya Mfalme Padri haikutoka Uhabeshi

Wiki iliyopita shangazi yangu alirusha sauti ya dakika sita kwenye kundi la familia. Msemaji, kwa mdundo wa mhubiri, anadai Vatikani imeficha barua ya mfalme wa Ethiopia, Prester John (yaani Padri Yohana), aliyetawala wafalme 72 na kuwaandikia wakubwa wa Ulaya wamheshimu. Chini yake shangazi akaandika: "Wanangu, haya hatukufundishwa." Nikampigia, nikamwamkia, nikamweleza polepole kwamba barua ipo kweli, haijafichwa, na ni ya kughushi. Akanyamaza. "Kwa hiyo hata hili wametunyang'anya?"

Swali hilo limenikaa kooni. Hatujanyang'anywa kitu, kwa sababu barua ile haikuwa yetu.

Ilianza kuzunguka Ulaya yapata 1165, kwa Kilatini, ikijidai imetumwa kwa Manuel Komnenos, kaizari wa Konstantinopoli. Anayejiita Yohana, padri na mfalme, anataja mto utokao Peponi uliojaa vito, bahari ya mchanga mtupu, misitu ya pilipili, na nchi isiyo na maskini. Anaapa kwamba kwao hakuna mwongo. Na mipaka yake anaitaja mwenyewe: kutoka India ya mbali alikozikwa Mtume Tomaso, kupita jangwani hadi macheo ya jua, kisha kurudi hadi Babeli iliyo mahame, karibu na mnara. Hiyo ni Asia. Anayemsoma humo mfalme wa Aksum, dola ya kale ya Ethiopia, hajaisoma barua.

Mbegu ya uvumi ilikuwepo. Mwaka 1141, huko Qatwan karibu na Samarkand, Asia ya Kati, Sultan Sanjar, mtawala Mwislamu, alipigwa vibaya na Yelü Dashi, mtawala wa dola ya Kara Khitai, ambaye hakuwa Mkristo. Habari zilipofika magharibi zilikuwa zimeshambatiza mshindi. Mwaka 1145 Askofu Hugh wa Jabala, mji wa Shamu, alimsimulia Papa habari za mfalme padri wa mashariki, na mwanahistoria Otto wa Freising akaziandika. Watu wa Vita vya Msalaba walikuwa wamebanwa, wakahitaji mkombozi atakayetokea nyuma ya adui. Mwaka 1177 Papa Aleksanda III alimwandikia mfalme huyo na kumtuma tabibu wake Filipo; Filipo hakusikika tena. Mwaka 1221 wakashangilia kwamba "Mfalme Daudi" anakuja kutoka mashariki, kumbe ni majeshi ya Genghis Khan.

Asia ilipokosa kumtoa, katika karne ya 14 Wazungu wakamhamishia Uhabeshi. Hapa ndipo ninapokasirika. Hawakumfuata mfalme wa Wahabeshi kwa sababu ya jina lake au imani ya watu wake. Walikuwa na vazi lililoshonwa tayari, wakatafuta mwili wa kulivisha. Mwaka 1441 wajumbe wa Kanisa la Ethiopia walifika kwenye Mtaguso wa Florence, wakasikia mfalme wao akiitwa Prester John. Wakashangaa, wakasema ana jina lake: Zara Yaqob. Wazungu wakaendelea kumwita walivyotaka. Leo sisi wenyewe tunarusha sauti za kutetea jina ambalo Wahabeshi walilikana usoni mwa wenye kulitunga!

Nasi watu wa pwani tuliguswa. Mwaka 1498, mabaharia wa Vasco da Gama walipoambiwa huko Msumbiji kwamba Prester John yuko karibu, shajara ya safari inasema walilia kwa furaha. Wakaja Mombasa, wakaenda Malindi, macho yakitafuta Wakristo kila upande. Miaka saba baadaye, 1505, Wareno waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Sisemi barua ndiyo iliyowasha moto. Tamaa ya dhahabu na viungo ilitosha. Lakini ndoto ile ilikuwa ndani ya merikebu zao.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba msako huo ulituachia kitabu cha padri Mreno Francisco Álvares, aliyefika Ethiopia 1520 na kueleza alichokiona kwa macho yake. Humo kuna makanisa, masoko, mifungo, mahema ya mfalme. Mto wa vito haumo.

 

Ninalotaka shangazi alishike ni hili: mfalme Ezana wa Aksum aliweka msalaba kwenye sarafu zake katika karne ya 4, miaka mia nane kabla ya mtu asiyejulikana kukaa na wino wake na kutubunia mfalme. Sarafu hizo zipo, zinashikika. Anayeuacha ushahidi huo na kukumbatia karatasi ya kughushi anaipunguzia Afrika heshima, hata kama nia yake ni njema.

Jana nilimtumia picha ya kanisa la Bete Giyorgis kule Lalibela, Ethiopia, imepigwa kutoka juu, lile paa la msalaba likiwa sawa na ardhi. Akanipigia papo hapo.

"Hili wamelijengaje?"

Hawakulijenga, shangazi. Wamelichonga kwenye mwamba mmoja, kutoka juu kwenda chini.