Maneno Yanayotembea Kwenye Ukurasa: Nani Anashika Mwendo wa Kusoma?

Karibu kila anayejifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za mtandao, hufika siku akatamani maneno ya ukurasa wake yatembee: kichwa kijiandike herufi moja moja, sentensi ipite kutoka kulia kwenda kushoto, neno lififie kisha lirudi. Wabunifu wengi wazoefu hukunja uso na kuyaita mapambo ya kizamani. Kila upande una hoja, lakini wanabishana juu ya uzuri wakati suala zito zaidi ni mwendo. Msomaji hujichagulia kasi ya kusoma. Skripti, yaani msimbo wa JavaScript, inayosogeza maneno humpokonya uamuzi huo.

Wanaoyatetea wana hoja moja yenye nguvu kuliko wanavyoisema wenyewe, nayo ni kujifunza. Chukua athari ya kuchapa, yaani kichwa kinachojiandika herufi moja moja. Inahitaji kibadilika (jina linalohifadhi thamani) chenye sentensi, kihesabu cha nafasi ya herufi, sharti la kusimama, na amri ya setTimeout ya kusubiri kabla ya herufi inayofuata. Mistari kumi inatosha. Anayeanza hujaribu kwanza kitanzi cha kawaida, yaani msimbo unaojirudia, akidhani kitaandika herufi, kipumzike, kiandike nyingine. Badala yake sentensi nzima inatokea kwa mpigo mmoja, kwa kuwa kivinjari hakichori chochote kipya mpaka msimbo unaoendelea umalize kazi yake. Hapo ndipo anapoelewa kwamba JavaScript haisubiri, inapanga kazi ya baadaye. Kurasa nyingi za maelezo haziwezi kulifundisha jambo hilo kama macho yanavyolifundisha. Anayemkataza mwanafunzi zoezi hili anamnyima mlango mzuri wa kuingilia.

Kinyongo cha upande wa pili nacho kina historia. Katikati ya miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kilileta lebo (alama ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa) ya blink iliyofanya maneno yawakewake, na kivinjari cha Internet Explorer kikaleta marquee iliyoyafanya yapite. JavaScript ilipotoka mwaka 1995, haikuchukua muda watu wakaanza kutembeza matangazo hadi kwenye upau wa chini wa kivinjari, mahali ambapo msomaji alitazama kiungo kinampeleka wapi. Vivinjari vikaja kuizuia tabia hiyo. Firefox iliiondoa blink mwaka 2013. Marquee imetangazwa kupitwa na wakati katika HTML5, toleo la tano la HTML, ingawa vivinjari vingi bado vinaitii.

Tupige hesabu ya kasi. Ukiweka milisekunde 100 kwa kila herufi, sentensi ya herufi 60 itachukua sekunde sita kukamilika. Msomaji wa kawaida angeimaliza kwa nusu ya muda huo au chini yake. Kwa kichwa cha maneno matatu hasara ni ndogo, na kusubiri kidogo kunaweza kuamsha hamu. Kwa aya nzima, umemlazimisha mtu kusoma polepole kuliko anavyoweza, na ukurasa unaendelea kurefuka na kusukuma chini kile alichokuwa anakitazama.

Halafu kuna wasomaji ambao skripti huwaumiza zaidi. Mbinu maarufu ya kuifunga kila herufi ndani ya span yake (lebo ya HTML inayozungushia kipande cha maandishi) ili zirukeruke inaweza kuifanya programu ya kusomea skrini, wanayoitumia wasioona, itamke neno vipande vipande. Ukiweka herufi hizo kama visanduku vinavyojitegemea, maandishi ya Kiarabu, ambayo herufi zake hushikana, yanakatika. (Emoji nazo huleta mshangao: nyingi huhesabiwa na JavaScript kama vipande viwili, hivyo ukikata katikati inatokea alama isiyoeleweka.) Kwa wenye kizunguzungu au shida ya kukaza mawazo, maneno yanayotembea pembeni hufanya aya iliyo karibu isisomeke. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008, wa kufanya kurasa zitumike na watu wenye ulemavu, umeweka mipaka: mwendo unaoanza wenyewe, ukazidi sekunde tano na kuonekana pamoja na maudhui mengine, lazima uwe na njia ya kuusimamisha, na kitu kisimulike zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa sababu mimuliko inaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu.

Mimi naegemea kuruhusu, kwa masharti. La kwanza silibadilishi: sentensi nzima iandikwe kwenye HTML, skripti ije kuichezesha baadaye. Maneno yaliyomo ndani ya skripti pekee hupotea pale mtandao unapokwama njiani, na msomaji hubaki na nafasi tupu. La pili, kama ni kufifia au kuteleza tu, CSS, lugha ya kupangilia mwonekano wa ukurasa, inatosha. Ukitumia sifa zake za transform (ya kusogeza) na opacity (ya kufifisha), simu dhaifu nayo haitaabiki sana. JavaScript ibaki kwa maneno yanayobadilika kweli, kama kuchapa au kuhesabu muda uliosalia. La tatu, uliza mipangilio ya kifaa: prefers-reduced-motion, yaani ombi la mtumiaji la kupunguziwa mwendo, husomeka kwa amri ya matchMedia, kwa mstari mmoja, na aliyeomba mwendo upunguzwe apewe sentensi kamili papo hapo.

Panapobaki mvutano ni kile kichwa kinachobadilisha neno la mwisho bila kukoma: tunatengeneza tovuti, tunatengeneza programu, tunatengeneza michezo. Wenye biashara wanakipenda kwa kuwa kinabeba huduma zote kwenye mstari mmoja. Lakini kinavuka zile sekunde tano, na kitufe cha kukisimamisha ni nadra kukiona. Tena anayeingia na kuendelea chini haraka huondoka ameona huduma moja tu. Ningekiacha kizunguke mara moja, kitulie kwenye neno la mwisho, na huduma zote ziandikwe chini yake kwa maneno yasiyosogea.