Usimpigie simu mkaguzi wa hataza ili kubishana naye

Mvumbuzi anayeomba hataza (patent, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake) nchini Marekani, awe amewasilisha ombi lake huko moja kwa moja au amepitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaoruhusu ombi moja kufikishwa katika nchi nyingi, baada ya kuanzia Nairobi au Dar es Salaam, aghalabu huipokea barua ya kwanza ya mkaguzi kama hukumu. Madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile anachotaka kilindwe, yamekataliwa, nyaraka za zamani zimetajwa kama ushahidi, na lugha yenyewe ni kavu. Wengi hapo hukimbilia kalamu, wakaandika kurasa nyingi za kumwonyesha mkaguzi kwamba hakuuelewa uvumbuzi. Kwa maoni yangu, huo ndio wakati wa kuweka kalamu chini na kuomba mazungumzo na mkaguzi, mradi mwombaji aende kwenye mazungumzo hayo na maneno mapya ya dai badala ya hoja za kumshinda mtu.

Kuyaomba si kazi kubwa. Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani, yenye makao yake Alexandria katika jimbo la Virginia, ina fomu ya maombi ya mazungumzo kwenye tovuti yake, na namba ya simu ya mkaguzi huandikwa mwishoni mwa barua yake. Mara nyingi mazungumzo hufanyika kwa simu au kwa video, na kwa kawaida hutengewa kama nusu saa. Aliyeko Afrika Mashariki akumbuke tu kwamba saa nne asubuhi ya Virginia ni saa kumi na moja jioni kwake majira ya joto ya huko, na saa kumi na mbili jioni majira ya baridi. Na sisi tuliolelewa kwenye salamu ndefu, za kuulizia watoto, mashamba na mvua, itatubidi tuzifupishe siku hiyo bila kuonekana wakavu.

Thamani ya mazungumzo haya huonekana vizuri zaidi katika dai lenyewe. Chukua mfano wa kubuni wa kikaushio cha mahindi kinachotumia jua. Dai la 1 linataja sanduku, trei ya nafaka, na tundu la hewa linaloweza kubadilishwa ukubwa. Mkaguzi amelikataa kwa kutumia hataza ya zamani ya kikaushio cha kahawa, ambamo mfanyakazi husogeza kifuniko cha mbao kwa mkono kabla ya kuanza kukausha. Mvumbuzi anakasirika, kwa sababu tundu lake hujifungua na kujifunga lenyewe kadiri unyevu wa nafaka unavyopungua, na jambo hilo limeelezwa kinagaubaga katika maelezo ya uvumbuzi. Hakosei kuhusu maelezo, ila dai lake halisemi hivyo. Mkaguzi wa Marekani hutakiwa kuyapa maneno ya dai maana pana kadiri inavyokubalika kiakili kwa kuzingatia maelezo ya uvumbuzi, na haruhusiwi kuchukua sifa iliyomo katika maelezo akaipachika kwenye dai lisiloitaja. Kifuniko cha mbao kinachosogezwa kwa mkono ni tundu linaloweza kubadilishwa ukubwa, tupende tusipende.

Akijibu kwa maandishi peke yake, mvumbuzi huyu ataandika kurasa tano juu ya faida za tundu linalojiendesha, na baada ya miezi kadhaa atajibiwa kwamba sifa anazozitetea hazimo katika dai. Katika mazungumzo, jambo hilo hilo hujulikana ndani ya dakika chache kwa swali moja: ni maneno yapi ya dai la 1 unayoyasoma kuwa ndiyo kile kifuniko cha mbao? Mkaguzi akishaonyesha, swali la pili huja lenyewe: je, dai likisema kwamba tundu hubadilika wakati ukaushaji ukiendelea, kwa kufuata kipimo cha unyevu kutoka kwenye trei, waraka huu bado unatosha kulikataa? Hapo mkaguzi anaweza kukiri kwamba hautoshi, kisha akaongeza kwamba atalazimika kutafuta tena katika nyaraka nyingine kabla ya kukubali. Wengine hutoka hapo wamekata tamaa, kwa kuwa walitarajia kuambiwa ndiyo. Mimi naona wamepata walichokifuata, kwa sababu sasa wanajua ni ukuta upi umeondoka, na majibu yao ya maandishi yatajengwa juu ya jambo ambalo mkaguzi mwenyewe ameshalipima.

Ndiyo maana ajenda nzuri ni fupi, hupelekwa siku kadhaa kabla, na hubeba rasimu ya dai lililorekebishwa. Mkaguzi ana muda uliopangwa kwa kila ombi na kazi yake hupimwa kwa hesabu ya hatua alizozikamilisha. Ukimpelekea hoja kumi na mbili, utamkuta hajasoma hata moja kwa makini, na sitamlaumu. Napendelea rasimu mbili za dai: moja pana kadiri mteja anavyotamani, nyingine finyu ambayo mteja bado angeipokea kwa moyo mmoja. Ikiwa dai limekataliwa kwa sababu ya kuwa dhahiri kwa mtaalamu wa fani, kwa kuunganisha nyaraka mbili, basi ajenda iguse hasa sababu aliyoitoa mkaguzi ya kuziunganisha, kwa kuwa hapo ndipo hoja za namna hiyo huwa dhaifu mara nyingi.

Jambo ambalo huulizwa mara chache mno ni nani mwenye mamlaka mezani. Mkaguzi mgeni kazini hana mamlaka kamili ya kutia saini. Anaweza kukubaliana nawe katika kila kitu, na bado msimamizi wake akakataa wiki ijayo. Ni halali kabisa, na si utovu wa adabu, kuomba kwa upole msimamizi au mkaguzi mwenye saini awepo. Upande wa mwombaji nao una deni kama hilo. Mwongozo wa ofisi hiyo hautaki mazungumzo ya kupima upepo tu, yanayofanywa na mwakilishi ambaye kila atakachokubali kitasubiri ridhaa ya wakili mwingine aliye mbali. Kwa hiyo wakili azungumze na mvumbuzi kwanza, ajue anaweza kuachia nini, kisha ndipo aombe miadi.

Wakati nao una bei yake. Mazungumzo baada ya barua ya kwanza hukuta mlango uko wazi, kwani marekebisho bado hupokelewa kama haki ya mwombaji. Baada ya barua ya mwisho ya kukataa, marekebisho hayapokelewi kwa lazima, mazungumzo hutolewa kwa hiari ya mkaguzi, na aghalabu hubaki kulipa ada ili ukaguzi uendelee au kukata rufaa. Mpango wa majaribio uliowapa wakaguzi muda wa ziada wa kutazama marekebisho baada ya hatua hiyo ulifungwa mwezi Desemba 2024, na naona kufungwa kwake kumezidisha sababu ya kutosubiri.

Yapo pia maneno ya kutosemwa. Muhtasari wa mazungumzo huingia katika jalada la ombi, na jalada hilo husomwa na yeyote mara ombi linapochapishwa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea miezi 18 tangu tarehe ya kwanza ya kuwasilishwa. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya kampuni ya Festo mwaka 2002, mawakili wanajua vizuri kwamba kulifinya dai ili kupata hataza kunaweza kumzuia mwenye hataza, miaka mingi baadaye, kudai tena alichokiachia anapomshtaki mshindani. Mvumbuzi akihudhuria, na mara nyingi huwa na manufaa akihudhuria kwa sababu hujibu maswali ya kiufundi vizuri kuliko wakili, aonywe mapema asije akasema kwa unyenyekevu kwamba sehemu fulani ya kifaa chake ni ya kawaida tu.

Kanuni za ofisi hiyo ziko wazi kwamba shughuli zote ni za maandishi, na ahadi ya mdomo yenye utata haihesabiwi. Hivyo mwombaji anayetaka ombi lake litazamwe upya kwa msingi wa mazungumzo hutakiwa aeleze katika majibu yake yaliyosemwa na sababu zilizotolewa, hata kama mkaguzi ameandika muhtasari wake. Usome muhtasari huo siku unapoingia jaladani. Ukiona umeandikwa kwamba mlikubaliana juu ya jambo ambalo hamkulikubali, lisahihishe kwa maandishi katika majibu hayo hayo. Mazungumzo hayasimamishi muda: miezi mitatu ambayo barua ya mkaguzi kwa kawaida hutoa huendelea kuhesabiwa tangu tarehe ya barua, na kila mwezi unaoongezwa baada ya hapo hulipiwa ada, hadi kikomo cha miezi sita.