Wingi wa Kiingereza uanzie kwenye ngeli zetu

Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano hapa Wete, alinijia barazani jioni moja na daftari lake la Kiingereza. Ameandika "two book" na "one socks", na zote mbili zimepigwa mkasi kwa wino mwekundu. Pembeni hapana hata neno moja la kumweleza.

"Mjomba, kosa liko wapi? Si nimeshaandika 'two'?"

Lina akili swali hilo. Sisi wingi tunauweka mbele ya neno, tena tunaurudia: "vitabu vyangu vizuri vitatu vimepotea". Sikio limegongwa mara tano. Mwingereza akisema "my three good books got lost", ukiacha ile hesabu yenyewe, wingi wote umebebwa na "s" moja mkiani. "My" haikubadilika, wala "good". Na mkiani ndipo pahala ambapo sikio letu halitafuti kitu, kwa kuwa maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Mtoto hakuidharau ile "s", hakuisikia.

Na "one socks"? Hilo tumempa sisi wenyewe. Kiswahili kiliichukua "socks" na wingi wake ndani yake, tukasema soksi moja, soksi mbili, kama tulivyofanya kwa chipsi. Nani amewahi kumwambia?

Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Basi jambo hili halihusu somo moja tu, na mkasi mwekundu hausomeshi. Naamini mwalimu aanze na kile ambacho mtoto anacho. Akifika kwenye "sheep", isiyobadilika, amkumbushe samaki: samaki mmoja, samaki kumi. Akifika kwenye "foot" na "feet", ambapo neno linageuka tumboni, amrudishe chuoni, kwenye Kurani na Kiarabu chake, kwa sababu kila mtoto wetu ameshakutana na "kitab" na "kutub", "walad" na "aulad". (Zamani wingi wa "foot" ulikuwa na sauti ya "i" mwishoni. Ikaivuta irabu iliyo kabla yake, kisha yenyewe ikapotea.)

Pagumu hasa ni kwenye "information". Sisi habari tunazihesabu, habari mbili, habari tatu, kwa hiyo watu wazima na shahada zao bado wanaandika "informations". Waingereza wanaiona kama sisi tunavyoyaona maji: huwezi kuyahesabu mpaka uyatie kwenye chupa. Ndiyo maana wao husema "two pieces of information". Hili lataka kuelezwa kwa Kiswahili, taratibu, hata kipindi kizima kikiishia hapo.

Jioni ile nilimwambia aweke kidole mwisho wa kila neno na asikilize. Akazunguka nyumba nzima: "cup, cups", "spoon, spoons", akavua soksi ya skuli, "one sock". Kisha akarudi.

"Na 'children' je?"

Nikamweleza kuwa wingi wa zamani ulishakuwepo kwenye ile "r", halafu watu wakaja kuongeza "en" juu yake.

Akafikiri. "Kama mtu aseme mawatoto?"

"Hivyo hivyo, baba."