Kofi Alilopigwa Desdemona

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, binti wa pande za Kisauni, alisoma Othello, tanzia ya Shakespeare ya jemadari anayemuua mkewe, Desdemona, akaandika katika insha yake kwamba hana chozi la kumlilia Othello. Mwalimu akamrudishia daftari na maneno ya wino mwekundu: hukuielewa tanzia. Mimi naona asiyeeleweka ni binti.

Hoja ya mwalimu ina uzito. Othello ni jemadari mweusi katikati ya watu wa Venisi wanaomtaka vitani ila si ukweni, na Iago, ofisa wake, anamtilia sumu palepale penye kidonda: kwamba mkewe si mwaminifu. Msomaji wa Mombasa, ambako Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, miaka kumi hivi kabla ya tamthilia hii, ana sababu zake za kumwonea uchungu Mwafrika huyo. Ukimwona muuaji tu, umempunguzia Iago mzigo.

Lakini insha ya binti haikuanza na mauaji. Ilianza na kofi. Katika tendo la nne Othello anampiga Desdemona hadharani, mbele ya Lodovico, jamaa ya Desdemona aliyetoka Venisi na barua. Lodovico anashtuka, anamtaka Othello amwombe radhi mkewe, anayelia. Halafu? Othello anamfukuza, anamwita, anamtukana, anamfukuza tena, na mgeni anabaki kumuuliza Iago kama jemadari ana akili timamu. Usiku huohuo, baada ya chakula, Lodovico anamuaga Desdemona kwa adabu zote, anamshukuru, anakwenda zake. Ya mume na mke hayaingiliwi. Saa chache baadaye Othello anamziba pumzi mwanamke huyo kitandani, na mhudumu wake, Emilia, anapomuuliza nani kamtenda hivyo, Desdemona anajibu, akikata roho, kwamba ni yeye mwenyewe. Jibu hilo binti alilipigia mstari mara mbili.

Tarehe 27 Januari 2024 watu waliandamana katika miji ya Kenya, Mombasa ikiwemo, kupinga mauaji ya wanawake. Msichana aliyekulia katika nchi hiyo ataliruka vipi kofi lile? Na hakulitia yeye. Shakespeare ndiye aliyeliweka, na mashahidi wake.

Wanaomtetea Othello hutegemea sana maneno yake ya mwisho, anapoomba aandikwe kuwa mtu aliyependa kupita kiasi. Ni maneno mazuri mno, yanamliza mtu. Ila ni ya mshtakiwa akijieleza, na binti alikuwa na haki ya kuyapima.

Mistari ya kufunga mchezo amepewa Lodovico, anayepanda meli kupeleka habari Venisi. Binti alimaliza insha kwa kuuliza kama habari hizo zitalitaja kofi. Swali hilo lilistahili kipindi kizima darasani, na daftari lile lilistahili alama.