Cc 125 au cc 600: pikipiki ya kujifunzia

Anayetaka kujifunza pikipiki hupewa ushauri wa namna mbili. Mmoja anamwambia aanze na ndogo kwa kuwa haina mbio. Mwingine anamwambia asipoteze hela, ndogo ataichoka upesi, anunue kubwa moja kwa moja azoeane nayo. Ukiwasikiliza vizuri, wote wawili wanaitazama ndogo kwa jicho lile lile, kana kwamba sifa yake pekee ni unyonge. Kumbe ndogo ya cc 125 (cc ni ujazo wa injini) nayo inaua vilevile. Gari likikukatiza ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, halikuulizi una silinda ngapi.

Tuanze na kubwa, maana hoja zake zina mashiko. Wanaozipuuza pengine hawajawahi kupitwa na lori la tela wakiwa juu ya pikipiki ya kilo 120: upepo unakusukuma pembeni, kisha lori likimaliza kupita unakuvuta ndani ya njia. Injini ya nguvu farasi 12 hadi 15 ikifika kilomita 90 kwa saa imebakiwa na akiba ndogo mno. Basi likikukaribia nyuma na ukataka kujiondoa, unasokota mpini wa kulia kuvuta mafuta hadi mwisho na kinachoongezeka ni kelele tu. Mtu mrefu akikata kona kali, goti linagusana na usukani. Mtu wa kilo 100 akipakia mwenzake, shokapu za nyuma zinalala, taa inamulika matawi ya miti na gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Hata breki zina habari yake: Ulaya, pikipiki mpya inayozidi cc 125 lazima iwe na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukifunga breki, ilhali ya cc 125 inaruhusiwa kuwa na mfumo unaounganisha breki ya mbele na ya nyuma badala yake.

Kuna jingine ambalo wapenzi wa ndogo hawapendi kulikiri. Kwenye kuondoka, kubwa ndiyo rahisi. Injini ya silinda mbili ya cc 650 ukiiachia klachi taratibu, inaondoka yenyewe bila hata kuvuta mafuta. Ya cc 125 ukiiachia hivyo hivyo, mara nyingi inazima.

Kule kuzima ndiko kunakofundisha. Kwenye safari ya mkono wa klachi kuna kipande kifupi ambapo pleti za klachi zinasuguana bila kushikana kabisa, na uendeshaji wote wa mwendo wa polepole unaishi hapo: kugeuza kwenye njia nyembamba, kupenya kwenye foleni, kuondoka mlimani. Unashikilia klachi katikati ya kipande hicho, mafuta kidogo yasiyobadilika, na breki ya mguu ikigusa kwa mbali. Injini ndogo haikusamehei ukikosea, kwa hiyo vidole vinakijua kipande hicho mapema. Injini kubwa inakubeba, na aliyebebwa huja kugundua siku ya kugeuza barabarani kwamba hakuwahi kujifunza.

Kisha kuna mkono wa kulia. Mwanafunzi anaachia klachi kwa pupa huku amevuta mafuta kuliko alivyokusudia. Pikipiki inaruka mbele, mwili unabaki nyuma, mikono inanyooka. Kwa kuwa ameung'ang'ania mpini kwa hofu, kule kunyooka kunashusha kifundo cha mkono na kuvuta mafuta zaidi. Inavyozidi kukimbia ndivyo mwili unavyozidi kurudi nyuma, na ndivyo mafuta yanavyozidi kuvutwa. Kwenye cc 125 kisa hiki huwa kifupi: injini inapiga kelele, gia ya kwanza inaishiwa pumzi, mwanafunzi anakumbuka klachi, anacheka. Kwenye cc 600 ya michezo yenye silinda nne na nguvu farasi zaidi ya 100, gia hiyo hiyo ya kwanza inaweza kufika karibu kilomita 100 kwa saa. Ukuta unafika kabla ya kumbukumbu. Kinga ni ile ile kwa zote: magoti yabane tangi, kifundo cha mkono kianze kikiwa chini ili kisibaki na nafasi ya kushuka zaidi, na vidole viwili visibanduke kwenye klachi hadi pikipiki itulie. Tofauti ni kwamba kwenye ndogo unaweza kukosea na bado ukaendelea na somo.

Uzito nao una hesabu yake. Pikipiki ya kilo 120 ikianza kulala, mguu mmoja bado unaweza kuizuia. Ya kilo 200 ikishapita nyuzi chache, hakuna paja litakaloirudisha. Kosa linaloiangusha ni lile lile kila mahali: mwendo wa kutembea, usukani umekatwa, mtu anaminya breki ya mbele ghafla. Kinachovunjika ni kioo, indiketa na mkono wa breki, na kanyagio la gia likipinda linanyooshwa. Kisichonyooshwa kirahisi ni moyo. Aliyeangusha kilo 200 mara mbili huacha kufanya mazoezi ya kugeuza, na hayo ndiyo aliyokuwa anayahitaji zaidi.

Wanaotetea kubwa wana takwimu moja wanayoipenda, na ni ya kweli. Mwaka 1981 ilitoka ripoti ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, iliyochunguza ajali 900 papo hapo zilipotokea katika eneo la Los Angeles. Zaidi ya nusu ya waendeshaji walikuwa na chini ya miezi 5 juu ya pikipiki waliyoanguka nayo, ingawa uzoefu wao wa barabarani kwa jumla ulikaribia miaka 3. Basi wanasema: kila ukibadilisha pikipiki unarudi kuwa mgeni, kwa nini ujitie ugeni mara mbili?

Swali zuri. Lakini ripoti ile ile inaeleza pia walichofanya watu wale katika sekunde za mwisho. Walikanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu likajifunga, ya mbele wakaitumia kidogo mno, na uwezo wa kukwepa ulikuwa kama haupo. Nao hawakuwa kwenye mbio za ajabu: mwendo wa kati kabla ya hatari ulikuwa takriban kilomita 48 kwa saa. Kwenye lami kavu, mwendo huo ukitumia breki ya nyuma peke yake unasimama kwa mita 25 hivi. Ukitumia zote mbili sawasawa, 13 hivi. Hizo mita 12 ni urefu wa basi. Ugeni wa pikipiki mpya upo, lakini mtu aliyekwisha kuzifundisha breki zake anauingia akiwa na deni dogo zaidi.

Na breki hujifunzwa kwa kurudia. Kilomita 30 kwa saa, usukani umenyooka: vuta mkono wa breki hadi ulegevu uishe, subiri shokapu za mbele zizame, kisha zidisha kuminya huku mguu ukipunguza, kwa sababu uzito umehamia mbele na gurudumu la nyuma limekuwa jepesi. La mbele likianza kuteleza, achia papo hapo. Zoezi hilo mtu atalirudia mara ishirini kwenye ndogo bila jasho. Kwenye kilo 200 za mkopo, wachache hufika mara ya tano.

Ripoti hiyo pia iliona kwamba pikipiki kubwa zilionekana kwenye ajali kwa uchache kuliko idadi yake barabarani, ila zilipopata ajali majeraha yalikuwa makubwa zaidi. Anayeitumia sehemu ya kwanza kama ushahidi wa kujifunzia kubwa aisome na ya pili.

Si kila ndogo inafaa, hata hivyo. Yenye breki ya ngoma mbele inakuzoesha kuminya kwa nguvu zote, na mkono huo ukihamia kwenye diski mbili za pikipiki kubwa unafunga gurudumu. Tafuta yenye diski mbele. Na kama safari zako za kila siku ni za barabara kuu, cc 125 itakuweka kwenye hatari ya aina nyingine. Hapo cc 250 hadi 400 ndiyo saizi, zile ambazo nyingi zinatoshea ndani ya kikomo cha kilowati 35 cha leseni ya kati ya Ulaya. Kubwa iliyobanwa nguvu ili itimize kikomo hicho haileti nafuu ile ile, kwani inabanwa nguvu lakini kilo zote zinabaki.

Utakapohamia kubwa, ihesabu miezi 5 ya kwanza kuwa darasa la pili. Kabla hujaitoa barabarani mara ya kwanza, iwashe ikiwa imesimama, tafuta klachi yake inaanza kushikia wapi, kisha rudi uwanjani ukafanye lile zoezi la breki upya ukianzia kilomita 20 kwa saa.