Kambare naye anasikiliza: nani aliyechonga lugha ya samaki wa umeme?

Ukimpata domodomo mzima sokoni Mwanza, kabla kisu hakijamfikia, mshike pale mkia unapokonda karibu na pezi. Humo ndimo umeme wake unamotengenezwa. Ni misuli iliyoacha kazi ya misuli ikawa visahani vyembamba, vimepangana kama betri ndani ya tochi. Umeme wenyewe ni hafifu, mkono wako hautasikia kitu. Yeye unamtosha kupapasa njia usiku na kuwaambia wenzake yeye ni nani.

Habari ya kupapasa njia tuiache. Hans Lissmann wa Cambridge aliianika miaka ya 1950. Kinachogombaniwa mpaka leo ni mazungumzo. Jamii ya domodomo ina spishi zaidi ya 200, zote za Afrika, na Amerika ya Kusini kuna ukoo mwingine ulioufikia umeme kwa njia yake wenyewe. Katika koo zote mbili pigo la umeme hutofautiana mno kutoka spishi hadi spishi: fupi au refu, lenye kilele kimoja, viwili au vitatu. Nani aliyeyachonga mapigo hayo?

Jibu linalopendwa ni mapenzi: jike humchagua dume kwa pigo lake, na kila spishi hujua la kwao. Ushahidi upo, si porojo. Huko Gabon, katika mto Ivindo, Carl Hopkins na wenzake wamerekodi samaki wa jenasi ya Paramormyrops, nao ndugu wa domodomo, ambao ukiwapanga mezani utawachanganya, lakini ukitumbukiza waya majini kila kundi linajitaja. Mwaka 2010 Matthew Arnegard na wenzake walionyesha kuwa mapigo hayo yametengana upesi kuliko maumbo ya miili na vyakula vyao. Mwaka uliofuata, timu ya Bruce Carlson ikaongeza jambo la ubongo: koo ambazo sehemu ya ubongo inayochambua mapigo imekua na kugawanyika ndizo zilizozaa spishi kwa kasi.

Sina ugomvi na hayo. Ila hadithi ikisimuliwa hivyo, mto mzima unabaki na bwana harusi na bibi harusi tu, kana kwamba hakuna mwingine anayeishi humo.

Kambare hatoi umeme wa aina hiyo, lakini ngozi yake ina vipokezi vinavyonasa mawimbi ya umeme ya polepole. Kila mwaka maji ya delta ya Okavango, Botswana, yanapopungua, kambare hukusanyika makundi makundi na kupanda mkondo wakiwinda pamoja. Huyachapa mafunjo kwa mikia mpaka waliojificha humo watoke. Na waliojificha humo ni nani? Wengi ni samaki wa umeme wa jenasi ya Marcusenius, ndugu wa domodomo.

Mwaka 2000 Hanika na Kramer, watafiti kutoka Ujerumani, walimjaribu kambare na mapigo ya samaki hao. Pigo la dume aliyepevuka, ambalo hudumu mara kadhaa zaidi ya la jike, kambare alilitambua. Pigo fupi la jike lilimpita. Kisha mwaka 2008 Kramer na mwenzake Machnik wakawapima majike wa Marcusenius wa kusini mwa Afrika, wakaona wanavutwa zaidi na mapigo marefu. Yaani kinachompendeza jike ndicho hicho kinachompa mlaji anwani. Anayeeleza urefu wa pigo la dume kwa mapenzi peke yake ameeleza kwa nini linarefuka. Kwa nini limeishia pale lilipoishia hajasema.

Ng'ambo ya Atlantiki ndiko hoja hii ilikosukwa vizuri zaidi. Mwaka 1999 Philip Stoddard alipendekeza kuwa mapigo ya kale yalikuwa ya upande mmoja tu, yanapanda na kushuka, basi. Pigo la namna hiyo limejaa mawimbi ya polepole, na yule samaki mkubwa wa umeme wa huko, anayeitwa mkunga ingawa si mkunga, huyasikia bila shida. Sasa ongeza nusu ya pili inayoelekea upande wa pili, kwa kiasi kile kile. Jumla inakuwa karibu sifuri, mawimbi ya polepole yanafutana, na anayebaki kumsikia ni mwenzake mwenye vipokezi vya kasi. Ni sawa na kunong'ona. Na kule Amerika ya Kati, ambako huyo mkubwa hayupo, kuna samaki wa umeme Gymnotus cylindricus mwenye pigo la upande mmoja mpaka leo.

Hesabu hii ya sifuri mimi hunirudia kila ninaposoma takwimu inayopenda kunukuliwa na upande wa mapenzi. Salazar na Stoddard walipima mwaka 2008 samaki wa jenasi ya Brachyhypopomus, wa ukoo huo huo wa Amerika: jike hutumia takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa umeme, dume asilimia 11 hadi 22. Tazameni gharama ya kutongoza, husemwa. Sawa, ni gharama. Lakini dume huyo hurefusha nusu gani ya pigo? Ya pili, ile ile iliyokuwa ikimficha. Akiirefusha, hesabu haifungi tena na mawimbi ya polepole yanavuja. Asilimia 22 ni bili ya chakula tu. Bili ya kuliwa haimo humo, na hiyo hailipwi kwa awamu.

Upande wangu una matobo, tena yanaonekana. Mfano wa Amerika ya Kati ni wa spishi chache, na ukoo ukiwa na sifa fulani eneo fulani haimaanishi adui ndiye sababu. Jaribio la kambare ni la samaki waliofugwa, mto una kelele zake. Kubwa zaidi ni la Gabon: baadhi ya spishi pale hutofautiana kwa kilele kidogo cha mwanzo, kinachotokana na vikonyo vya visahani vya umeme kupenya na kutokea upande wa pili. Kilele hicho hakifichi kitu cha maana. Kambare hawezi kukieleza. Jike anaweza.

Kwa hiyo nakubali kwamba utofauti mwingi wa Ivindo ni kazi ya majike. Nisichokubali ni kumwita kambare maelezo ya pembeni. Kipimo kinachohitajika kinajulikana: madume wa spishi moja ya Marcusenius, kwenye mito yenye kambare wengi na mito yenye wachache, wapimwe urefu wa mapigo. Kama mapenzi ndiyo yote, tofauti isionekane. Mimi ningeanzia Okavango, maji yakianza kushuka, kwa dume mmoja ndani ya mafunjo ambaye jike yuko upande huu na mikia inachapa upande ule.