Kitufe cha dereva kinahesabu usukani, usingizi hakiuoni

Oktoba 2023 mabasi ya mikoani Tanzania yalianza tena kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Wanaotaka katazo lirudi wana hoja: kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri ndipo mwili unapodai usingizi kwa nguvu zote. Ila enzi za katazo madereva walikimbizana na saa mchana kutwa ili wafike kabla ya muda wa kusimamishwa, na uchovu ulikuwepo vilevile.

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, imejibu kwa utaratibu: safari inayozidi saa nane iwe na madereva wawili, kila mmoja na kitufe chake cha utambuzi, ili mfumo wa kufuatilia mabasi uonyeshe nani yuko kwenye usukani. Wamiliki wanalalamika kwamba dereva wa pili ni mshahara wa pili na posho ya pili, huku nauli ikipangwa na LATRA hiyohiyo. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Lakini kukaa macho saa 17 mfululizo kunapunguza umakini karibu sawa na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Trafiki ana kipimo cha ulevi. Cha usingizi hana.

Mimi naunga mkono kitufe, ila hakitoshi. Dereva wa pili "anapumzika" kwenye kiti, shingo imepinda, taa zinawashwa kila stendi. Kwenye malori hali ni mbaya zaidi. Foleni ya Tunduma, mpakani na Zambia, inasogea hatua kwa hatua usiku kucha, na anayesinzia anapitwa. Akishavuka mpaka, kwenye hesabu ya saa za kuendesha ni kama ndiyo kwanza anaanza kazi, na bosi anapiga simu kutaka muda uliopotea ufidiwe.

Hapo ndipo penye tatizo: wengi wanalipwa kwa tripu, kwa hiyo anayelala anajikata posho mwenyewe. Umoja wa Ulaya, katika kanuni 561 ya mwaka 2006, unadai dakika 45 za mapumziko baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na unakataza malipo ya kilomita au ya kuwahisha mzigo yanapohatarisha usalama barabarani. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ningeanza nayo hapa: posho ya malori ilipwe kwa siku, na saa za foleni zihesabiwe kuwa kazi. Kwa mabasi, dereva wa pili apewe kitanda kabla leseni ya njia ya usiku haijatolewa.